Riziki na Orodha: Historia ya Ruzuku ya Kilimo na Mkulima wa Mitundu

Maneno ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu, na mtu anapoomba dua kwamba Mola amruzuku, huwa hafikirii mfuko wa mbolea wala kilo kumi za mbegu. Anafikiria neema imfikiayo kiumbe bila ya kuulizwa jina lake, kabila lake wala ukubwa wa shamba lake. Ndiyo maana wahenga wakasema kuwa riziki haivutwi kwa kamba. Ruzuku ya serikali ni ndugu wa riziki kwa jina, lakini tabia zao ni mbalimbali. Ruzuku ya serikali ina orodha. Ina daftari, ina muhuri, ina tarehe ya mwisho, na asiyeandikwa hapati. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya ruzuku ya kilimo katika nchi zetu asianze kwa kuuliza ni fedha kiasi gani zilitolewa. Na aanze kwa kuuliza: ni nani aliyeandikwa, na aliandikwa kwa jina gani?

Makala haya yanajaribu kulifuata swali hilo kwa kulitazama kutoka mahali pamoja, nako ni Mitundu. Mitundu ni kata iliyo kusini mwa mji wa Itigi, mkoani Singida, katika njia ndefu inayopita Rungwa na kutokea Makongolosi na Chunya. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Manyoni. Leo imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi. Ni nchi ya miombo na vichaka, yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Wenyeji wa kale wa ukanda huo ni Wakimbu, ambao historia ya utemi wao iliandikwa na padri Aylward Shorter katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Pamoja nao wapo Wanyaturu, Wagogo, Wanyamwezi, Wataturu, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Ukanda huo hulima mahindi, mtama, uwele, karanga na alizeti, na hurina asali. Mitundu haina kisa cha ajabu kilichoifanya ijulikane duniani. Ni mahali pa kawaida pa bara la kati, na kwa sababu hiyo panafaa kuwa kipimo. Siasa ya kilimo hupimwa vyema zaidi mwisho wa barabara kuliko mwanzo wake.

Huenda msomaji wa visiwani akauliza: yatuhusu nini mambo ya Itigi, hali kilimo si jambo la Muungano, na Zanzibar ina wizara yake na mipango yake? Jibu ni kwamba visiwa hivi vilianza mapema kuliko bara kujifunza maana ya serikali kumsaidia mkulima. Mwaka 1927 iliundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1934 sheria zikaipa madaraka makubwa juu ya biashara ya zao hilo, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu mwaka 1937. Madhumuni yaliyotangazwa yalikuwa kumwokoa mkulima na madeni. Lakini mkulima aliyekusudiwa alikuwa mwenye shamba. Mchumaji aliyepanda juu ya mkarafuu, na mtu aliyekaa katika shamba la mwenziwe akalima muhogo chini ya miti, hao hawakuhesabiwa kuwa wakulima, ingawa mikono yao ndiyo iliyochafuka udongo. Hapo tayari tunaliona jambo ambalo tutakutana nalo tena na tena: kabla ya serikali kumsaidia mkulima, huamua kwanza mkulima ni nani.

Uamuzi huo ulikuwa wazi zaidi katika nchi jirani. Huko Kenya, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1931 benki ya ardhi na kilimo iliyowakopesha walowezi. Mwaka 1942, katikati ya vita vya pili vya dunia, ikapitishwa sheria ya kuongeza mazao, iliyomhakikishia mlowezi malipo ya chini kwa kila eka aliyoilima, hata mvua ikimwangusha, pamoja na fedha za kuvunja ardhi mpya. Mwafrika aliyelima mahindi yale yale alilipwa bei ya chini kuliko mlowezi. Zao lilikuwa moja, mvua ilikuwa moja, lakini orodha zilikuwa mbili.

Tanganyika ilipata funzo lake kwa njia nyingine. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulipendekeza kulima karanga katika zaidi ya eka milioni tatu, ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Kongwa ilikuwa katika Jimbo la Kati, jimbo lile lile lililokuwa na Manyoni na Singida. Urambo iko magharibi, ng'ambo ya Tabora. Itigi na misitu yake ilikuwa katikati, kwenye reli hiyo hiyo, na matrekta yalipita. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifungwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Kama tutahesabu ruzuku kwa wingi wa fedha, basi bara la kati la Tanganyika limewahi kumiminiwa ruzuku kubwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Lakini fedha zile zilinunua vyuma, zikalipa mishahara ya wataalamu na wahandisi, na zikafyeka vichaka ambavyo vingeweza kumwambia yeyote aliyeuliza kwamba udongo ule hugeuka kuwa mgumu kama tofali mvua inapokatika. Mgogo na Mnyaturu waliolima karanga kwa jembe la mkono hawakuwamo katika hesabu isipokuwa kama vibarua.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, na ni haki kusema yalibadilika kwa nia njema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba fedha zinazokopwa hutumika zaidi mijini, na deni hulipwa kwa jasho la mkulima. Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ikatoa tamko lililojulikana kwa maneno Siasa ni Kilimo. Katikati ya muongo ule serikali ikaweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima, na ikaanzisha mradi wa taifa wa mahindi uliogawa mbegu na mbolea kwa vijiji kwa bei ya punguzo. Kiwanda cha mbolea kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Tanga. Kwa mara ya kwanza mkulima mdogo aliandikwa katika daftari la serikali kama mkulima, na wala si kama kibarua au mlipa kodi ya kichwa.

Hata hivyo, tukitazama kwa makini, tunaona kwamba ruzuku zile zilikuwa na njia zake. Bei moja ya nchi nzima ilikuwa ruzuku ya usafiri hata kama haikuitwa hivyo, kwa sababu Shirika la Usagishaji la Taifa lilibeba gharama ya kuyatoa mahindi mbali. Waliofaidika ni wakulima wa Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, walio mbali na Dar es Salaam lakini wenye mvua za uhakika. Mikoa hiyo minne ikawa ghala la taifa, na sehemu kubwa ya mbolea ya nchi ikawa inakwenda huko. Mbolea ya Tanga, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa kwa malighafi za kuagizwa, mara nyingi iligharimu zaidi ya ile ya nje, hivyo sehemu ya fedha iliyoandikwa kwa jina la mkulima ilikuwa inakilisha kiwanda. Na sembe iliyouzwa mjini kwa bei ya ruzuku hadi mwaka 1984 ilimshibisha mkazi wa Dar es Salaam. Hakuna ubaya mtu wa mjini kushiba. Ila isisahaulike kwamba katika hesabu za taifa shibe yake nayo ilihesabiwa miongoni mwa gharama za kilimo.

Bara kavu la kati lilipata nini? Kwa kipindi kifupi lilipata bei. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 serikali iliona hatari ya kutegemea mahindi peke yake, ikapandisha bei ya mazao yanayostahimili ukame, kama vile mtama, uwele na muhogo. Wakulima wakaitikia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtama mwingi ulifika katika maghala ya Shirika la Usagishaji, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: mlaji wa mjini hakuutaka. Alikwisha kuzoea sembe, tena sembe ya bei nafuu. Mtama ukalundikana na shirika likapata hasara. Tukio hili linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa sababu linaonyesha kwamba mkulima wa nchi kavu hakuwa mvivu wala mkaidi. Alipopewa bei, alilima. Kilichokosekana ni mtu wa kula alicholima, na ruzuku ya sembe ilikuwa miongoni mwa sababu za kukosekana kwake.

Hapa inatupasa kusema jambo moja kuhusu daftari jingine. Katika nchi kama ya Manyoni, serikali ilijulikana zaidi kwa orodha ya njaa kuliko orodha ya pembejeo. Kumbukumbu ya Ugogo bado inayo njaa ya Mtunya, iliyofuatia vita vya kwanza vya dunia, baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua zikakosa kunyesha. Tangu hapo, kwa vipindi mbalimbali, chakula cha msaada kimekuwa kikiletwa, na mwenye kuleta chakula hana budi kuandika majina. Baadaye, kuanzia miaka ya 2010, ukaja mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, nao pia una daftari lake. Kwa hiyo mtu mmoja wa ukanda huu anaweza kuwa ameandikwa mara kadhaa maishani mwake, na kila mara akaandikwa kwa sababu ya anachokikosa: mwenye njaa, au kaya maskini. Mwenzake wa Songea au Mbozi aliandikwa kwa sababu ya anachoweza kukizalisha. Wote wawili ni wakulima, na wote wawili huamka alfajiri. Lakini anayeandikwa kama mwenye njaa hupewa cha kula, na mwaka ukipita anarudi pale pale. Anayeandikwa kama mkulima hupewa cha kupanda. Tofauti hiyo ndogo ya kalamu, ikirudiwa kwa miaka hamsini, huzaa tofauti kubwa baina ya mkoa na mkoa.

Ruzuku za miaka ya Ujamaa hazikudumu. Chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi, ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia msimu wa 1994/95 ikawa imefutwa. Kwa karibu muongo mzima mkulima aliachiwa soko. Mwaka 2003 serikali ikarudi kidogo kwa kulipia usafirishaji wa mbolea, nayo fedha hiyo ilipitia kwa wafanyabiashara wakubwa, huku wakulima wakilalamika kwamba bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Kisha likavuma wimbi jipya barani Afrika. Malawi ilianza mpango wake mkubwa wa kuponi mwaka 2005. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuongeza matumizi ya mbolea hadi kilo 50 kwa hekta. Na mwaka 2008 bei za chakula na mbolea zikapanda duniani kote. Tanzania ikaleta vocha.

Mpango wa vocha za pembejeo, ulioenea kuanzia msimu wa 2008/09 na kuungwa mkono na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 160, ulikuwa umebuniwa kwa uangalifu, na tusiudharau. Kila kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu za kutosha eka moja: moja ya mbolea ya kupandia, yaani DAP au fosfeti ya Minjingu, moja ya mfuko wa Urea, na moja ya mbegu bora za mahindi au mpunga. Vocha ililipa karibu nusu ya bei, na nusu nyingine alilipa mkulima mwenyewe kwa wakala. Msaada ulikusudiwa kudumu miaka mitatu, kisha kaya ijitegemee. Waliopaswa kuchaguliwa ni wakazi wa kijiji waliolima si zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga, na kipaumbele kilikuwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Uchaguzi ulifanywa na kamati ya vocha ya kijiji yenye wajumbe sita, wanawake watatu na wanaume watatu, waliochaguliwa na mkutano wa kijiji. Tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba waliopata pembejeo walivuna zaidi. Mamilioni ya vifurushi yaligawiwa, na katika vijiji vingi vya nyanda za juu watu walishika mbegu bora kwa mara ya kwanza.

Lakini tuyapitie masharti yale tukiwa tumesimama Mitundu. Sharti la kwanza lilikuwa zao: mahindi au mpunga. Mtu aliyeweka matumaini yake katika mtama na alizeti, kwa kuwa anaijua mvua yake, hakuwa na vocha ya kuombea. Sharti la pili lilikuwa mahali: mpango ulianza katika mikoa iliyohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha, ndipo baadaye ukapanuliwa. Sharti la tatu lilikuwa nusu ya bei. Mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza, ndipo mkulima anapokuwa na fedha kidogo kuliko mwezi wowote mwingine. Akiba ya mavuno imekwisha, na watoto wanahitaji sare za shule mwezi Januari. Kumwambia alete nusu ya bei ni kumwambia aliye maskini zaidi akae pembeni. Na kwa kweli waliobuni mpango hawakuficha jambo hili: haukuwa mpango wa sadaka, ulikuwa mpango wa kuongeza chakula nchini. Kosa lilikuja pale wanasiasa walipoutangaza majukwaani kana kwamba ni wa kila mnyonge.

Sharti la nne halikuandikwa popote, nalo ni kujulikana. Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, waliochunguza ugawaji wa vocha mkoani Kilimanjaro na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Waliona pia kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vyenye tofauti kubwa baina ya walionacho na wasionacho. Kilimanjaro ni mkoa wenye barabara, shule na magazeti. Kama hali ilikuwa hivyo karibu na lami, msomaji na apime mwenyewe mbali na lami. Tena isidhaniwe kwamba kila kiongozi aliyejiandika alikuwa mwizi. Mara nyingi mwenyekiti na wajumbe wake ndio waliokuwa na fedha ya kulipia nusu ya bei, ndio waliojua mapema kwamba vocha zimefika, na ndio ambao bwana shamba alikuwa amewazoea. Sheria ilimtaka mwenye uwezo na wakati huo huo ikamtaka mnyonge. Kamati ilipolazimika kuchagua, ilichagua ile nusu ya sheria iliyokuwa rahisi kuitimiza.

Palikuwapo pia udanganyifu wa wazi, uliosemwa bungeni na magazetini katika miaka ile. Mkulima asiye na fedha ya kujazia alitia saini vocha yake, akapewa na wakala noti chache, na wakala akaenda benki kudai malipo ya mfuko ambao haukutoka ghalani. Katika vitabu, mbolea imefika shambani. Shambani, hakuna kitu. Ni kwa sababu hiyo, pamoja na kupungua kwa fedha, kwamba mpango ulififia, na baada ya msimu wa 2013/14 ukakoma katika sura yake ya awali.

Zama za vocha za karatasi zilipopita, zikaja zama za namba. Vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari 2022, viliikuta bei ya mbolea duniani ikiwa tayari imepanda, vikaizidisha. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulipita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mbeya ruzuku mpya ya mbolea, iliyotengewa shilingi bilioni 150, na bei ya mfuko ikashushwa hadi karibu shilingi 70,000. Safari hii hapakuwa na kamati ya kuchagua wachache. Kila mkulima alitakiwa ajiandikishe kijijini kwake kwa jina, mahali na ukubwa wa shamba, apate namba, na namba hiyo ndiyo iwe ufunguo wake kwa wakala. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea ikawa msimamizi.

Hii ni hatua kubwa, na mwenye kupenda haki ataikubali kama hatua. Orodha iliyo wazi kwa wote ni bora kuliko orodha ya wachache. Lakini orodha ya wote nayo ina milango yake. Mlango wa kwanza ni shamba. Mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mumewe, na kijana aliyekodi eka mbili kwa msimu mmoja, wataandikisha ardhi ya nani? Mwenye nyumba akijiandikisha kwa eka zote, mke anayezilima hana namba, na punguzo limeandikwa kwa jina la mwingine. Mlango wa pili ni ukazi. Ukanda wa Itigi umepokea wahamiaji kwa miongo mingi, na mtu ambaye kitongoji chake hakijatambuliwa, au ambaye amejenga ndani ya eneo linalogombewa na hifadhi, huogopa daftari badala ya kulikimbilia. Mlango wa tatu ni umbali. Hata katika miji ya nyanda za juu, ambako wakala wapo, watu walipanga misururu msimu ule. Aliye mbali na wakala hulipa nauli ya kwenda na ya mfuko kurudi, na kila shilingi ya nauli ni shilingi iliyotolewa katika ruzuku yake. Na mlango wa nne ni ule ule wa zamani: ruzuku iliyozinduliwa mwaka 2022 ilikuwa ya mbolea, na mbolea hulipa panapokuwa na mvua. Kutia Urea katika shamba ambalo huenda lisinyeshewe mwezi Februari ni kamari. Mkulima wa bara kavu anayeikataa hajakataa maendeleo, amekataa kamari.

Singida ilipata kukumbukwa kwa zao lake, na hili nalo lisemwe. Mwezi Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana mjini Singida na wadau wa alizeti, na Singida, Dodoma na Simiyu zikateuliwa kuwa mikoa ya mbele katika zao hilo. Kwa msimu uliofuata mbegu za alizeti ziligawiwa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Mbegu za Kilimo. Hapa angalau daftari lilifuata udongo. Wakulima wakalima, kama baba zao walivyolima mtama. Kisha katika bajeti ya 2022/23 ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje ukapunguzwa ili kumpunguzia mlaji makali ya bei. Mafuta ya nje yakaingia na bei ya alizeti ikaanguka. Mwaka uliofuata ushuru ukapandishwa tena baada ya kilio cha wakulima na wasindikaji. Msomaji atakuwa amekumbuka mtama wa miaka ya 1970. Mara zote mbili mkulima wa nchi kavu aliombwa alime, akalima. Na mara zote mbili mlaji wa mjini ndiye aliyeamua thamani ya alichokilima. Ruzuku ya mbegu ilitolewa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaichukua bandarini.

Tunajifunza nini, basi, kutokana na safari hii? Kwanza, kwamba hapajawahi kuwa na wakati ambapo serikali za Afrika Mashariki hazikutoa ruzuku kwa kilimo. Hata zile zilizojidai kuachia soko ziliendelea kuamua barabara ipite wapi na ushuru uwe kiasi gani, na maamuzi hayo ni ruzuku kwa wengine na kodi kwa wengine. Pili, kwamba mjadala wetu umeegemea mno upande wa wizi, kana kwamba tukiwaondoa wakala wadanganyifu na wenyeviti wenye tamaa haki itakuwa imetimia. Wizi upo, na wenye kuiba washtakiwe. Lakini fomu iliyojazwa kwa uaminifu kamili, na kamati isiyoiba hata senti, ingali inaweza kumwacha nje mkulima wa Mitundu, kwa sababu fomu yenyewe ilitungwa na mtu aliyekuwa anawaza shamba la mahindi lenye mvua ya uhakika na mume mwenye hati. Dhulma ya namna hii haina mshtakiwa, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuiondoa.

Dawa yake si kitu cha miujiza. Majina na yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji na yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ili jirani aweze kusema: huyu halimi, na yule anayelima hamkumwandika. Fomu na imwulize mtu analima nini na kwa mikono ya nani, kabla ya kumwuliza ardhi ni ya nani. Na fedha ziruhusiwe kununua kile ambacho nchi husika inakihitaji: mahali pengine mbolea, mahali pengine mbegu ya mtama inayokomaa mapema, mahali pengine jembe la kukokotwa, mzinga wa nyuki, au bwawa la kuvunia maji ya mvua. Haya yanawezekana kwa fedha zile zile, ikiwa mwenye kuandika daftari atakubali kwanza kusikiliza.

Sisi wa visiwani tusiyasome haya kama habari za mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi hapa ziligawiwa eka tatu tatu, na wajukuu wa waliopewa na wa waliokosa bado wanajuana. Wakulima wetu wa mpunga hungoja kila msimu trekta, mbegu na mbolea za bei ya punguzo, na katika mabonde yetu pia hujulikana nani hulimiwa kwanza na nani hulimiwa mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Riziki hatuwezi kuipangia njia. Ruzuku tunaweza, kwa kuwa daftari lake tunaliandika wenyewe.